MADOA YA SAMAKI: Usimwage dawa kabla hujayasoma!

Wiki hii tunaweka kando habari za mapazia na makochi, tunaingia majini. Msinune. Siku hizi kufuga samaki si kazi ya wazee wa kijijini tu. Vijana wa mjini kibao wamejichimbia bwawa nyuma ya nyumba, na wengine wana tangi la kioo sebuleni ili mgeni akiingia ajue kaingia kwa mtu. Wote hao siku moja wataamka wakute samaki ana doa ambalo jana halikuwepo, na hapo ndipo kasheshe inapoanza.

Kijana mmoja wa Kingolwira, pale nje kidogo ya mji wa Morogoro kwenye barabara ya kwenda Dar, amenitumia picha tatu kwa simu. Bwawa lake lina mita 15 kwa 10, kina chake mita moja, na ndani kuna perege. "Anko shikamoo," ameandika. "Samaki wangu wametoka vidoadoa vyeusi kama wamemwagiwa pilipili manga. Jirani ananiambia nimwage dawa ya kuogeshea ng'ombe, eti inaua kila mdudu. Hela ya vifaranga nilikopa kikoba na mwezi ujao naanza kurejesha. Nimwage?"

Marahaba mdogo wangu. Usimwage! Nasema tena, weka hilo dumu chini. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zimetengenezwa kuua kupe, na zile za jamii ya pairethroidi ni sumu kali mno kwa samaki, hata kiasi kidogo tu kikiingia majini. Jirani yako ana nia njema, lakini ukimfuata, kufika jioni bwawa zima litakuwa limegeuza matumbo juu, na kikoba hawatakuuliza habari za madoa. Watakuuliza rejesho.

Sasa tulia tuyasome hayo madoa. Kwanza kabisa jua kwamba si kila doa ni ugonjwa. Perege mdogo huwa na doa jeusi nyuma ya pezi la mgongoni, kazaliwa nalo, na akikua linafifia. Sato ana michirizi iliyosimama kwenye mkia, imepangika vizuri kama nguo ya kitenge. Halafu kuna dume. Dume la perege likitaka kuoa hubadilika sura kabisa; wale perege wenye asili ya Mto Wami, madume yao huwa meusi tii huku kingo za mapezi zikiwa na wekundu. Hapo mfugaji mgeni anashika kichwa akidhani samaki kaungua, kumbe bwana harusi kavaa suti. Kambale naye akishtuka au akikaa kwenye tangi la rangi nyepesi huwa na mabaka yaliyopauka, ukimhamishia kwenye giza anakuwa mweusi. Yote hayo hayana dawa kwa sababu hayana ugonjwa.

Njia rahisi ya kubaini ni hii. Mtoe samaki, mlaze kwenye kitambaa kilicholowa, angalia ubavu wa kushoto kisha wa kulia. Alama ya kuzaliwa nayo kwa kawaida inalingana pande zote mbili, na wenzake wa rika lake wanayo vilevile. Alama ya ugonjwa au jeraha haina mpangilio: iko huku, kule haipo. Kisha pitisha kidole taratibu. Je, doa limevimba? Linateleza kuliko sehemu nyingine? Magamba yamenyanyuka? Fungua na mashavu uone matamvua. Yanatakiwa kuwa mekundu kama damu mbichi. Yakiwa yamepauka, ya kahawia au yamejaa ute, hapo pana kazi.

Picha zako, mdogo wangu, zinaonyesha vidoti vyeusi vidogo vilivyotapakaa ovyo, vingine kwenye mapezi na kimoja karibu na jicho. Kwa mbali nasema hiyo inafanana sana na ule ugonjwa wa madoa meusi unaotokana na minyoo bapa. Mchezo wenyewe uko hivi. Ndege mla samaki, tuseme korongo, mnandi au mdiria, anakuja kuwinda bwawani kwako na anaacha kinyesi. Ndani ya kinyesi mna mayai ya mnyoo. Yakianguliwa, vijidudu vyake vinamtafuta konokono wa majini, vinaingia ndani yake na kuzaliana. Baadaye vinatoka kwa wingi, vinaogelea, vinatoboa ngozi ya samaki na kujikunja humo. Mwili wa samaki nao unajihami kwa kukizungushia kila kijidudu rangi nyeusi. Kile kidoti unachokiona ndiyo hiyo ngome. Kisha anakuja ndege mwingine, anamla samaki, na mnyoo anakomaa ndani ya ndege. Mzunguko umekamilika.

Umeona sasa kwa nini dawa ya kumwaga haina maana? Mnyoo amekwisha kujifungia ndani ya nyama ya samaki. Chumvi haimfikii. Habari njema ni kwamba samaki mkubwa mwenye vidoti vichache kwa kawaida anaendelea kula na kukua. Hasara inakuja vidoti vikiwa vingi mno kwa vifaranga, au sokoni, maana mama muuza samaki akiviona anakushusha bei hapohapo.

Ukitaka kuumaliza mchezo, kata mzunguko. Ndege huwezi kuwaua, wala usijaribu. Funika bwawa kwa wavu au tandaza kamba juu yake. Konokono ndio wa kuandamwa. Ng'oa majani na magugu yote ya ukingoni, kwani ndiko wanakoishi na kutagia. Ukishavuna, kausha bwawa mpaka udongo upasuke, kisha mwaga chokaa, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100. Kwa bwawa lako hizo ni kilo 15 hadi 30. Acha likae wiki mbili hivi ndipo ujaze maji. Na unapoingia humo vaa mabuti, mdogo wangu, kwa sababu katika konokono wa maji baridi wamo pia wanaobeba kichocho. Usije ukamponya samaki ukaugua wewe.

Kuna ndugu wa huyo mnyoo anayejificha chini ya ngozi au karibu na matamvua kama punje ya njano. Huyo anaonekana kwa macho na anatia kinyaa. Kumla samaki huyo aliyepikwa akaiva hakuna noma, moto unamuua mnyoo. Ila kumla mbichi au nusu mbichi ni kujitafutia balaa, maana wapo watu huko Japani na Korea aliowanasia kooni. Na huku kwetu minyoo ya aina hizi si hadithi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamewahi kuichunguza kwenye kambale wa Bwawa la Mindu, hapohapo Morogoro.

Hayo ni meusi. Ukiona MEUPE, hapo kimbia. Vidoti vyeupe kama punje za chumvi, samaki anajisugua kwenye mawe au ukingo, anapumua haraka haraka, mapezi kayabana: huo ni ugonjwa wa madoa meupe, na hausubiri kesho. Kijidudu chake kinakaa chini ya ngozi ya samaki kikinenepa. Kikishiba kinadondoka chini, kinajifunika ganda, kinajigawa na kutoa watoto kwa mamia. Watoto hao wanaogelea kumtafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi wanakufa. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 mzunguko mzima huchukua kama wiki moja. Maji yakipoa unarefuka.

Sikiliza vizuri hapa, ndipo watu wengi wanapoliwa. Dawa inamuua kijidudu akiwa anaogelea tu. Aliye chini ya ngozi haguswi, na aliye ndani ya ganda haguswi. Kwa hiyo ukitibu siku moja, ukaona vidoti vimeondoka, ukasherehekea, wiki ijayo vinarudi mara kumi. Vidoti kuondoka si kupona. Mara nyingi ni vijidudu vimeshuka chini kuzaa. Lazima uendelee, hata wiki mbili.

Na dawa yenyewe? Kwa samaki wa maji baridi aliye kwenye tangi, anza na chumvi ya kawaida ya jikoni. Gramu 3 kwa lita moja ya maji, uiyeyushe pembeni kwanza na kuiingiza taratibu kwa muda wa siku nzima. Simtanki la lita 1,000 linataka kilo 3. Ukibadilisha sehemu ya maji, rudisha na chumvi iliyotoka nayo.

Bafu la haraka la chumvi ni kitu kingine. Hilo ni la vijidudu vya juu ya ngozi na ule ukungu mweupe kama pamba unaoota kwenye vidonda. Ndoo ya lita 20, weka gramu 400 za chumvi, mtumbukize perege na usibanduke hapo. Dakika chache tu, na akianza kulala ubavu mtoe haraka umrudishe kwenye maji safi. Kambale mpe nusu ya kiasi hicho. Si wakati wa kupokea simu ya shemeji huo!

Lakini bwawa? Piga hesabu. Bwawa la rafiki yetu wa Kingolwira lina mita za ujazo 150, yaani lita 150,000. Kwa gramu 3 kwa lita ni kilo 450 za chumvi. Magunia tisa ya kilo 50! Na ukija kuyafungulia maji hayo yaende kwenye bustani ya mchicha, mchicha nao kwaheri. Kwenye bwawa tunatibu kwa kubadilisha maji, kupunguza msongamano na kupunguza chakula. Ipo dawa ya permanganeti ambayo wataalamu huitumia, gramu 2 kwa mita ya ujazo, lakini maji yenye tope na mboji huimaliza nguvu, na ukizidisha inaunguza matamvua. Mwite afisa uvuvi apime mwenyewe.

Vidonda vyekundu ni kesi ya tatu. Damu imevilia chini ya ngozi, magamba yamebanduka, nyama inaonekana. Mara nyingi chanzo si mdudu bali ni wewe. Wavu mkavu na mgumu umemchuna, au ndege alimdona akamkosa, au madume yamepigana. Jeraha likipata maji machafu, bakteria wanahamia. Tazama bwawa alfajiri: kama samaki wote wako juu wanatweta, hewa imekwisha usiku. Pumba unazomwaga kama unalisha ng'ombe zinaozea chini. Badilisha robo ya maji, acha kulisha siku mbili, na wengi watapona wenyewe. Tafadhali usiwafungulie vidonge vya rangi mbili ulivyobakiza kabatini. Dozi hujui, samaki mgonjwa hali hivyo dawa inaishia kwenye maji, na atakayekula mabaki ni mteja wako.

Kama vidonda vimetokea kwa samaki wengi kwa mpigo na wanakufa kila siku, hilo limevuka uwezo wa kona hii. Mwaka 2006 na 2007 ugonjwa wa vidonda unaosababishwa na kiumbe kama ukungu ulizuka kwa samaki wa Mto Zambezi na mto wake wa Chobe, ukaonekana Botswana, Namibia na Zambia. Na mwaka 2018 watafiti walichapisha taarifa kwamba virusi vya perege, ambavyo dunia ilivitambua mwaka 2014 kutoka Israeli, vimeonekana kwenye sato wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania na Uganda. Virusi havina dawa. Ndiyo maana nasema vifaranga usinunue kwa mtu wa kwenye kona kwa sababu tu kapunguza bei. Kingolwira penyewe pana kituo cha serikali cha ufugaji samaki, mlangoni kwako hapo! Nenda ukaulize. Na wakija wapya, waweke pembeni kwenye tangi lao wiki tatu au nne kabla ya kuwachanganya na wenyeji.

Haya, nyie mabishoo wa tangi la kioo la maji ya bahari, sijawasahau. Samaki hao wa rangirangi wa kwenye matumbawe wana soko duniani. Pwani ya Kenya wapo wavuvi wanaowazamia na kuwakamata mmoja mmoja kwa ajili ya kusafirishwa Ulaya na Marekani. Mtu akifuga hao Morogoro namvulia kofia, maana bahari iko mbali kama kilomita 200 na chumvi ya jikoni haitengenezi maji ya bahari.

Madoa yao yanafanana na ya perege, ila tiba imegeuka kichwa chini miguu juu. Wa maji baridi tunamwogesha kwenye chumvi. Wa bahari tunamwogesha kwenye maji matamu! Dakika tatu hadi tano, maji yawe na joto lilelile la tangi na uchungu uleule, klorini imetolewa. Minyoo bapa iliyong'ang'ania ngozi, ambayo ilikuwa haionekani, inageuka meupe na kudondoka chini ya ndoo. Hapo unajua adui yako ni nani.

Ila kwa madoa meupe ya baharini bafu hilo halitoshi. Kijidudu chake ni mwingine, ingawa maisha yake yanafanana na yule wa maji baridi, na kimejizika chini ya ngozi. Kangaja ndio wanaoshambuliwa sana. Tiba inayoaminika ni shaba, yaani kopa, na lazima uwe na kipimo chake, kwa sababu ikipungua haiui na ikizidi inamuua samaki. Usiiweke kabisa kwenye tangi kubwa. Matumbawe, kamba na konokono watakufa wote, na mawe na mchanga vinaifyonza. Hamisha samaki wote kwenye tangi tupu la matibabu, halafu lile kubwa liache bila samaki wiki 6 hadi 8. Wenye uangalifu zaidi hufika siku 76. Vijidudu vikikosa mwenyeji vinakufa kwa njaa.

Ukiona si vidoti bali vumbi laini la rangi ya dhahabu, kama katiwa poda, na samaki anatweta, usingoje hata usiku uingie. Hilo vumbi linaua ndani ya siku chache. Uvimbe mweupe kama ua la koliflawa pembeni ya pezi ndio unaotisha watu bure. Huo kwa kawaida ni virusi vya ngozi, hauna dawa, na mara nyingi unaondoka wenyewe ukimpa samaki maji safi na amani. Usiukate na wembe, jamani.

Turudi Kingolwira. Mdogo wangu, picha hazitoshi kukata shauri. Chukua samaki wawili watatu wenye madoa, WAKIWA HAI, uwatie kwenye mfuko wa plastiki wenye maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, ufunge vizuri, uwaweke kivulini, uwapeleke Chuo Kikuu cha Sokoine hapo mjini ukaulizie watu wa tiba ya mifugo na samaki. Samaki aliyekufa tangu jana au aliyegandishwa kwenye friji hawezi kueleza mengi, kwani vijidudu vingi vya ngozi humkimbia au hufia naye. Beba na chupa ya maji ya bwawa. Andika umewanunua lini, wangapi wamekufa, unalisha nini, na umeweka dawa gani. Na kama lile dumu la jirani ulikuwa umeshalimwaga kidogo, sema ukweli, waambie hata kiasi.

Wale wenye vidoti vichache wanaokula vizuri waache wakue, uwavune kwa wakati wake, na mteja akiuliza mwambie ni kitu gani na kwamba apike mpaka waive. Waliokufa wenyewe au wenye vidonda usiuze, usitupe mtoni Ngerengere. Chimba shimo mbali na maji, wafukie kwa chokaa. Kuhusu kikoba, nenda kwa mweka hazina leo kabla tarehe haijafika, umwonyeshe hizo picha tatu ulizonitumia mimi.